Herufi za Manang Soledad

Jumatatu ile ilianza kama Jumatatu nyingine yoyote. Muuza bibingka, mikate ya mchele, alipita na kikapu chake kichwani, jogoo wa jirani aliwika hadi watu wakamtukana, na Perlita Gumban akaingia kwenye kituo cha redio na kahawa yake mkononi, tayari kusoma salamu za watu wa milimani na matangazo ya vifo vya mkoa mzima wa Antique. Hewani alikuwa Crispulo, msomaji wa habari za asubuhi, mwanamume wa maneno mengi na sauti ya kuwatuliza wajane. Tofauti ilikuwa moja tu. Aliyekianzisha kituo kile alikuwa amezikwa Jumamosi.

Soledad Quimpo, ambaye mji mzima ulimwita Manang kama mtu amwitavyo dada yake mkubwa, alikifungua kituo katika vyumba vya chini vya nyumba yake. Serikali ilikipa jina la herufi nne, kama sheria inavyotaka: DYSQ. Mbili za mwanzo ni za kawaida kwa vituo vya visiwa vya kule. Mbili za mwisho aliziomba mwenyewe, kwa kuwa ndizo zinazoanza majina yake mawili. Kila nusu saa, miaka nenda miaka rudi, kituo kilijitaja kwa herufi hizo, na akina mama wakajua wakati wa kuinjika wali.

Alipougua aliuza. Mnunuzi alikuwa Wilfredo Tanchico, mtu mfupi mwenye duka la saruji na chakula cha nguruwe.

"Chukua nyumba, chukua mnara, chukua masafa," Manang alimwambia, Perlita akiwa amesimama pale pale kitandani. "Herufi zangu nakwenda nazo. Nikishafukiwa, nenda kaombe zako."

Tanchico aliapa, mkono kifuani, macho juu kwa Bikira Maria. Perlita naye aliapa kwamba baada ya maziko hatakubali herufi zile zitamkwe tena. Yeye hakushika kifua. Alikuwa analia.

Sasa udongo wa kaburi haujakauka, na Tanchico anaingia kituoni akipiga mluzi.

"Jina linabaki lile lile," alisema. "Wanaoleta matangazo ya biashara wanaijua DYSQ, hawanijui mimi. Herufi ni mali ya serikali, na leseni ninayo. Maiti hana wakili."

Kulipokucha vizuri, Crispulo akakitaja kituo. "Hii ni Di, Wai, Es..."

Kyu hakuifikia. Kinywa kilikuwa wazi, ulimi unacheza, lakini hakuna kilichotoka. Hakukohoa wala hakupaliwa. Alishika koo lake akamtazama Perlita kupitia kioo cha studio, macho yamemtoka pima. Wakamtoa nje, wakampa maji, wakamwita daktari. Daktari alimmulika akasema koo ni zima, la mtu mzima wa afya njema.

Nusu saa ikatimia. Kiti cha studio kilikuwa kitupu na kipaza sauti kimezimwa. Spika ya ukumbini ikajitaja yenyewe, herufi zote nne, polepole, kwa sauti nzuri ya kutuliza wajane. Crispulo alikuwa amesimama kando ya Perlita, midomo ameifunga, machozi yanamtiririka.

Zamu ya mchana ilikuwa ya Perlita.

"Utakitaja kituo kama kawaida," Tanchico alimwambia.

"Sisemi, Bosi."

"Husemi nini?"

"Hizo herufi. Sisemi leo, sisemi kesho."

"Basi nenda sokoni ukauze dagaa!"

"Dagaa wangu watakuwa na jina lao, Bosi. Siyo la kunyang'anya marehemu."

Tanchico alicheka, lakini cheko lilikuwa fupi. Crispulo alimvuta Perlita mkono, akitikisa kichwa: usiingie. Perlita akautoa mkono taratibu. Alikuwa anaogopa, tena sana. Akaingia hivyo hivyo, akavaa hedifoni, akafungua kipaza sauti. Kengele za kanisa zilikuwa zinalia saa sita, saa ambayo watu wa kule hawapendi kutembea peke yao.

"Ndugu wasikilizaji, kituo hiki leo hakina jina. Jina lake lilizikwa Jumamosi pamoja na mwenyewe. Tukipata jipya tutawaambia."

Nje ya kioo Tanchico alianza kupiga kelele. Perlita akamgeuzia mgongo.

"Na wewe, Manang, najua unanisikia. Kiapo changu nimekitimiza. Crispulo ni mwajiriwa tu, alisema alichoamriwa. Mrudishie sauti yake. Uliponifundisha kazi hii hukunifundisha kuogopa mtu. Sikuogopi na wewe."

Juu, katika chumba alichofia Manang, kiti kikasogezwa.

Harufu ya mishumaa ikashuka.

Ndani ya hedifoni, karibu kabisa na sikio, mwanamke akanong'ona. "Hodi."

Kule, msiba usipomaliza siku tisa za sala, hodi haijibiwi mpaka uuone uso. Watoto wanalijua hilo kabla ya kujua kusoma. Perlita alibana meno.

"Hodi."

Mlango haukuguswa. Alikuwa anautazama. Haukuguswa.

Kisha ukafunguliwa kwa kishindo. Alikuwa Tanchico, uso umemwiva kwa hasira. Akampokonya kipaza sauti.

"Hii ni Di, Wai, Es, Kyu!" Zote nne, bila kukwama. Akamgeukia Perlita akikenua. "Umeona? Nimekufa? Ushirikina wenu tu!"

"Hodi," ikasema spika, kwa sauti, na mji mzima ukaisikia. Ilikuwa sauti ya mama mpole, mteja asiye na haraka.

Tanchico alikuwa ameshinda dukani miaka thelathini, akipokea wateja kutoka alfajiri hadi jioni. Jibu lilimtoka kabla hajafikiri.

"Karibu!"

Hilo ndilo neno lake la mwisho. Hakuna aliyeonekana kuingia. Lakini Tanchico alijisogeza ukutani, akavuta tumbo ndani, kama mtu anayempisha mwingine kwenye ujia mwembamba. Midomo yake ilikuwa inakwenda. Haikutoa hata pumzi.

Ukumbini, mtu akaita kwa sauti ya kukwaruza. "Perlita." Alikuwa Crispulo. "Perlita, nani huyo aliyenipita?"

Kituo sasa ni cha ushirika wa walimu, na kina herufi mpya. Perlita ndiye aliyehakikisha hazifanani na jina la mtu yeyote, aliye hai wala aliyekufa. Tanchico yuko mzima, anakula, analala, na dukani anawaonyesha wateja mifuko kwa kidole. Kituoni hajakanyaga tena.

Hata hivyo, kengele za saa sita zikinyamaza, mlango wa studio hugongwa, na mwanamume hupiga hodi kwa unyonge. Sauti hiyo wanaifahamu wote, ingawa dukani haisikiki tena. Mgeni akiinuka kwenda kufungua, Perlita humrudisha kitini kwa jicho.

"Mwache. Aliyemkaribisha mwenzake ni yeye, siyo mimi."

Kisha hukisogelea kipaza sauti na kuzitaja herufi mpya, kwa nguvu, moja baada ya nyingine, mpaka hodi izame.

Mwaka jana ushirika ulileta fundi aupake mlango ule rangi. Aliukagua akaguna, akauliza ni nani anayeupiga ngumi kiasi hicho. Mbao zilikuwa zimebonyea kwa vifundo vya vidole, vibonyeo vingi vilivyorundikana pamoja, kwenye kimo cha mtu mfupi.

Vyote vilikuwa upande wa ndani.