Mishumaa Ilitembea Jumamosi, Nikampiga Aliyeniambia

Nina umri wa miaka thelathini na tisa. Mimi ni mwalimu wa hisabati, naishi Buhembe hapa Bukoba, na mkono wangu wa kushoto una vidole viwili tu. Wanafunzi wapya wakiuliza ilikuwaje, huwaambia ni ajali. Ninyi wasomaji wenzangu sitawadanganya.

Nilijifunza kwa video namna ya kusoma chati za hisa za makampuni ya nje, zile alama za kijani na nyekundu ziitwazo mishumaa, zinazoonyesha bei imepanda au imeshuka. Nilizipenda kama ninavyopenda jiometri. Nikaanza kutafuta programu ya mtandaoni ya kuzichambulia.

Ya kwanza ilitaka kompyuta na ilimaliza bando. Ya pili ilikuwa ya bure na watu wengi wanaijua, ila bei zilichelewa robo saa na kila mstari ilibidi uuchore mwenyewe. Ya tatu niliipata kwenye kundi la simu, kwa mtu aliyejiita Mtaalamu Edga. Hiyo ilikuchorea kila kitu. Ilikuwekea mshale wa kijani ununue, mwekundu uuze, na hisa ulinunulia humohumo. Mimi ninayewanyima alama wanafunzi wasioonyesha njia, nikachagua chombo kinachotoa jibu bila njia...

Nikamwingiza kaka yangu Projestus. Yeye ndiye aliyebaki Muleba kwenye kibanja cha marehemu baba, shamba la ukoo la migomba na kahawa. Shule yangu ilitoka kwenye kahawa ile, na aliyeichuma ni yeye. Nilipomwonyesha chati inapanda, aliishika simu kwa mikono miwili.

"Mimi sielewi hiyo michoro, waitu, ndugu yangu," alisema. "Ila wewe umesoma. Ukisema ni kweli, ni kweli."

Akauza upande wa chini wa kibanja bila kuwaambia wanaukoo, fedha tukaziingiza kwenye programu ya Edga.

Mke wangu Adventina ni fundi cherehani, ana meza yake mtaa wa Bakoba. Jumamosi moja mchana nilikuwa sebuleni naangalia mishale yangu. Akaja na simu yake, ameweka ile programu ya bure niliyoiacha, amefungua chati ya kampuni ileile niliyokuwa naiangalia. Akazilaza simu mbili mezani.

"Uliniambia soko linafungwa Ijumaa," alisema. "Kwenye yangu kumetulia. Kwako mishumaa inatembeaje leo?"

Nilitazama. Kwake bei ilikuwa imeshuka tangu Alhamisi na imesimama. Kwangu ilikuwa inapanda, mshumaa juu ya mshumaa. Nilielewa palepale. Mtu alikuwa anatuchorea uongo.

Ningeweza kumshukuru. Badala yake nilimuuliza tangu lini fundi wa sketi anamfundisha mwalimu hesabu. Akasema hanifundishi, anauliza tu. Nikamzaba kofi. Akajishika ukutani, akasema, "Mpigie Projestus, asiuze na kilichobaki." Jina lile lilinitia wazimu. Nilimpiga ngumi, akaanguka, nikampiga teke akiwa chini, mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Jirani alivunja komeo kuniondoa. Adventina alitema jino kwenye kiganja chake, damu ikimtoka sikioni. Hakulia. Jioni ileile alirudi kwao Rubafu.

Je, mtu anaweza kufanya ubaya zaidi ya huo? Mimi nilifanya. Jumatatu Projestus alipiga simu. Amepata mteja wa upande wa juu, auze au asubiri? Ningemwambia ukweli, ningekiri kwamba nilimwaga damu ya mke wangu nikijua yuko sahihi. Nikamwambia auze.

Baada ya siku chache, fedha zote zikiwa humo, programu haikufunguka tena. Edga akafuta kundi.

Nilikwenda Muleba mwenyewe. Nilimkuta Projestus akikata majani makavu ya migomba, siku za mwisho kabla ya kukabidhi shamba. Nikamweleza. Alisikiliza huku amesimama, panga mkononi.

"Ulijua lini?" aliuliza.

Nilitaka kusema jana. Sikuweza. "Jumamosi, kabla hujanipigia."

Aliinua panga. Nilinyanyua mkono kukinga uso. Pigo la kwanza lilichukua vidole vitatu. La pili liliingia begani mpaka kwenye mfupa, nikapiga magoti. La tatu lilikata mgomba nyuma yangu, ukaniangukia, na nadhani ndio uliniokoa. Nilimsikia anaukata mgomba ule, anaukata, analia kama mtu anayekabwa.

Majirani walifika na fimbo na majembe. Hawakuuliza. Walimpiga kaka yangu mpaka mguu ukavunjika. Nilijaribu kuwaambia wamwache, kosa ni langu... sauti haikutoka.

Mahakamani nilieleza yote, pamoja na ile simu ya Jumatatu. Hakimu alimpunguzia adhabu, hakumwachia. Projestus yuko gerezani na mguu wake haujanyooka. Nikienda kumtembelea hukataa kutoka. Wanawe na mama yao wamepanga chumba kimoja mjini Muleba, nami nawalisha, ingawa mama yao hupokea chakula bila kunitazama.

Rubafu nimekwenda mara mbili. Mara ya pili Adventina aliniambia, "Nimekusamehe ili nipate usingizi. Kurudi sirudi." Sikio lake la kushoto halisikii.

Wasomaji wenzangu, sikatazi mtu kununua hisa. Ila ukichagua chombo cha kusomea chati, kilinganishe na kingine ambacho hakipati faida wewe ukinunua au ukiuza. Bei ya kampuni moja haiwezi kuwa mbili. Kinachokutolea mishale, uliza inatoka wapi.

Na nyumbani kwako akitokea mtu wa kukuonyesha ulipokosea, kaa chini, tazama anapokuonyesha. Kama mkono wako unataka kunyanyuka, toka nje, nenda mbali, usirudi mpaka uweze kumwambia, "Uko sahihi". Ni maneno mawili. Mimi yalinishinda, na watu waliolipa ni wale walioniamini.