Swali Ambalo Kifua Hakumuuliza Mkwewe

Ndugu zangu, wazazi na vijana wenzangu, tegeni sikio. Habari hii ni ya nyumba moja iliyokuwa na amani, na aibu iliyoiingia haikuletwa na mtu wa nje.

Ungepita dirishani kwao jioni ungesikia vicheko. Mke, fundi cherehani, ameketi mkekani na kitabu cha mtihani magotini. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Kifua, yuko sakafuni anapiga pushapu huku akijibu maswali. Alikuwa akifanya kazi kwenye jimu, kufuta jasho la watu kwenye mashine na kurudisha vyuma mahali pake. Akifaulu mtihani ule angepata cheti cha mwalimu wa mazoezi, na wale wale waliomtupia taulo wangemwita kocha.

"Misuli ya nyuma ya paja ina kazi gani?"

"Kukunja goti! Lete nyingine."

"Kabla hujamwanzishia mtu mazoezi, utamuuliza nini kuhusu afya yake?"

"Ruka hiyo."

"Jamani, mume wangu, ni sura nzima hii!"

"Hayo ya madaktari. Mimi mtu nikimtazama tu najua atabeba nini. Rudi kwenye misuli."

Mke akarudi kwenye misuli, maana Kifua akinuna, nyumba nzima hukosa raha. Umeona, msomaji? Bwana huyu alipenda kusoma anachokijua tayari.

Siku ya mtihani ikafika, akafeli. Hilo si ajabu, watu hufeli kila siku na maisha yanaendelea. Balaa lilianza aliporudi nyumbani. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na uso wa matumaini, na kabla hajauliza, Kifua akachanua meno: "Mpokee kocha!"

Vigelegele vikapigwa, majirani wakajaa. Walipouliza cheti kiko wapi, akasema bado kinachapishwa, wakaridhika. Baba mkwe, dereva mstaafu aliyeota kitambi kwa kukaa nyuma ya usukani, alimshika mkono asiuachie.

"Mwanangu, umenitoa kimasomaso. Sasa na mimi nitengeneze. Tumbo hili linanitangulia kila ninakokwenda."

Angekataaje? Kukataa kungekuwa kujianika. Basi wakaanza mazoezi uani. Moyoni Kifua alijua kuna maswali ya kuulizwa kwanza, lakini mkwe utamuulizaje habari za mwili wake? Akajiambia kwamba kunyamaza ni heshima. Heshima gani hiyo, ndugu zangu! Hakujua aulize nini, na angejibiwa asingejua la kufanya.

"Bana pumzi, baba! Inua! Usiachie!"

Kitabu kilisema mtu atoe pumzi anapoinua. Mzee alibana kama alivyoambiwa, mishipa ya shingo ikamsimama. Chuma kikamponyoka mkono wa kushoto, mdomo ukaenda upande, akaanguka mbele ya binti yake.

Hospitali walisema ni kiharusi. Mzee alipoanza kupata nafuu, daktari akauliza, mke akiwa pale pale, ni nani aliyembebesha chuma mtu mwenye presha, anayemeza dawa kila asubuhi. Kifua akatazama viatu vyake.

Aliyejibu ni mzee mwenyewe, kwa ulimi mzito.

"Usimlaumu, daktari. Huyu amesomea, amefaulu. Kosa ni langu, sikumwambia kuhusu dawa. Nilijua kwamba kama ingekuwa na maana, mwanangu angeniuliza."

Kifua alitamani ardhi ipasuke immeze. Afadhali mzee angemtukana. Alipiga magoti kando ya kitanda, jasho likimtoka kuliko siku yoyote ya mazoezi.

"Baba, sikufaulu."

"Unasemaje?"

"Nilifeli. Hakuna cheti. Niliwadanganya wote."

Mzee aligeuza uso polepole, akatazama ukuta. Mke wa Kifua ndiye aliyezungumza, tena bila kupandisha sauti.

"Ungeniambia umefeli, tungesoma tena. Nani angekufukuza?"

Mzee alinusurika, ila mkono wa kushoto haukurudi. Sasa anaishi kwao, na binti yake ndiye anayemfunga vifungo vya shati. Kifua husimama chumba cha pili akimsikia mkwewe akisema, "Taratibu, mama." Anatamani kwenda kusaidia, lakini uso hana.

FUNZO

Ndugu zangu, kufeli si aibu. Aibu ni kuvaa sifa usiyo nayo, kisha kumwacha anayekuamini alipe kwa mwili wake. Wewe unayesomea kazi ya kushika miili ya watu, soma na kurasa zinazokuchosha, na uulize, hata kama unayemuuliza ni mkweo. Mtihani ukikushinda, sema umekushinda. Utaurudia mwakani. Kifua naye anaweza kuurudia akitaka, na huenda akafaulu, lakini mkwewe bado atafungwa vifungo na binti yake.