Daktari wa Ukurasa wa Sita

Jumamosi mchana Eufrazia alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kuchota maji bombani na kutandika mkeka barazani kabla baba yake hajarudi. Walikaa Mtoni, nyumba ya nne kutoka Barabara ya Kilwa, na baba yake, Mzee Alfonsi, alikuwa akipakua mizigo bandarini. Jumamosi ya mwisho wa mwezi baba hakurudi mikono mitupu. Mkobani mwake kulikuwa na kitabu kipya cha katuni cha binti yake.

Desturi hiyo ilianza Eufrazia akiwa darasa la kwanza. Sasa alikuwa la sita, na vitabu vilikuwa vimefika hamsini na nane, vyote vya Mzee Kandambili, yule mzee wa kuchorwa ambaye kila safari hupoteza ndara moja. Vilikaa katika sanduku la bati chini ya kitanda, vimepangwa kwa namba, na ole wake aliyevigusa na mikono yenye mafuta. Mzee Alfonsi hakujua kusoma. Raha yake ilikuwa kujinyoosha mkekani, binti amsomee, naye acheke mpaka kikohozi kimshike.

Tatizo ni kwamba hamu ya Eufrazia ilikuwa imekwisha. Hakugombana na mtu, wala hakuna aliyemkataza. Siku moja tu alifungua kitabu akaona anajua ndara itapotelea wapi kabla hajageuza ukurasa. Siku hizi alipenda netiboli, na alipenda kukaa na rafiki yake Thuraya wakisukana na kuzungumza. Lakini atamwambiaje baba? Kule bandarini Mzee Alfonsi alimtambia kila mtu kwamba bintiye ana maktaba. Eufrazia aliogopa kumvunja moyo, basi akachagua njia ya mkato. Alitazama picha ya jalada, akatunga hadithi kichwani, akajifanya anasoma. Miezi miwili ilipita hivyo, na huu ulikuwa wa tatu.

Safari hii jalada lilikuwa na Mzee Kandambili na mbuzi mbele ya basi. Eufrazia, macho kitabuni na mawazo kiwanjani, alisimulia jinsi mbuzi alivyotafuna tiketi zote na jinsi kondakta alivyowashusha abiria njiani. Aliona ameitunga vizuri kweli. Baba hakucheka. Aliketi, akashika tama.

"Basi," alisema taratibu. "Jumatatu siendi tena."

"Huendi wapi, baba?"

Mzee Alfonsi alitoa daftari mkobani. Alieleza kwa aibu kwamba zile jioni za Jumatatu na Jumatano alizosema yuko kwenye mkutano wa nyumba kumi, alikuwa kisomoni, darasa la watu wazima pale shuleni. Alikuwa na miezi minane darasani sasa. Alitaka siku moja amsomee binti yake. Kitabu cha katuni alikuwa akikinunua mapema, akijaribu kukisoma wakati wa chakula cha mchana, kisha ndipo akilete nyumbani.

"Mie nimesoma daktari," alisema. "Ukurasa wa sita, daktari anampima mbuzi. Wewe umesoma, hakuna daktari. Mwezi uliopita hivyo hivyo, na ule wa nyuma yake. Kichwa changu hakishiki herufi, mwanangu. Mwalimu asipoteze chaki yake bure."

Eufrazia alilitazama lile daftari. Angeweza kunyamaza. Siri yake ingebaki salama, na baba angeacha kisomo akiamini kwamba yeye ni mjinga. Hilo lilimuuma kuliko fimbo yoyote, na machozi yakaanza kumtoka.

"Baba, mie sijasoma. Nimetunga. Vitabu vitatu sasa sijavisoma hata neno. Vimenichosha, nikaogopa utasikitika."

Eufrazia alingoja kukaripiwa.

"Kwa hiyo daktari yumo?"

"Sijui, baba. Tuangalie."

Baba alichukua kitabu, akahesabu kurasa, akaweka kidole chini ya maneno. "Dak-ta-ri a-ka-se-ma," alisoma, jasho likimtoka puani, "mbu-zi hu-yu ha-u-mwi, a-na nja-a tu."

"Umesoma sawa," alisema Eufrazia. "Yote, baba."

Mzee Alfonsi alishusha pumzi, kisha akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Eufrazia naye alicheka, machozi yangali mashavuni. Kifua chake kilikuwa chepesi.

"Sikiliza, mwanangu," alisema baba alipotulia. "Kuchoka na kitu si kosa. Kosa ni kujifanya. Ulidhani unanilinda, kumbe nusura unitoe darasani. Na mie nimekosa, nilikuficha kisomo changu. Tangu leo, humu ndani mtu akichoka aseme amechoka."

Jumatatu Eufrazia alijitwika lile sanduku akampelekea mwalimu wa kisomo, ambaye wanafunzi wake walikuwa na kitabu kimoja kwa watu sita. Mama Rosalia, muuza maandazi, alikumbatia kitabu namba moja akakataa kukiachia. Eufrazia alirudi mikono mitupu, akaenda zake netiboli.

Mwisho wa mwezi mkeka ulitandikwa kama kawaida, na safari hii msomaji wa kitabu kipya alikuwa baba. Alisoma polepole sana, kidole kikiburuta, hata Eufrazia aliyedhani anajua kila kitu akajikuta anangoja kusikia ndara imepotelea wapi.