Kisanduku cha Tisa

Jioni ile tulitoka nyumbani na mkoba mmoja, tochi mbili, na ugomvi ambao haukuwa umekwisha.

Ugomvi ulihusu hesabu. Mimi na mume wangu Otakar tulikuwa tunakwenda kuficha visanduku kwenye njia ya msituni, ile inayoanzia kanisa dogo la juu ya kijiji na kuishia bwawani. Ni mchezo wetu wa siku nyingi. Unaficha kisanduku cha plastiki kwenye shina la mti au chini ya jiwe, unatangaza kwenye mtandao mahali kilipo, na watu usiowajua wanakuja na simu zao kukitafuta. Ndani wanakuta kikaratasi cha kuandika majina na kitu kidogo cha kubadilishana: gololi, kifungo, farasi wa plastiki.

Binti yetu Apolenka aliupenda mchezo huo kuliko peremende. Alikuwa akitangulia mbele yetu, na kila akifika kwenye kona aligeuka na kuuliza, "Baba, bado vingapi?"

Alitutoka mwezi wa pili, theluji ikiwa bado barazani. Homa ya ubongo. Hospitali aliingia kwa miguu yake mwenyewe.

Majira ya kiangazi yalipopita, Otakar akasema njia nzima iwe ya Apolenka. Sikukataa. Tulishindana tu juu ya idadi.

"Vinane," nilimwambia mezani. "Aliishi miaka minane. Vinane vinatosha."

"Njia inabeba hata kumi na tano."

"Njia inabeba. Mimi sibebi."

Akaisukuma sahani yake. Mchuzi ulikuwa umeshaganda. "Ukisema vinane, Liba, umemfungia mlango hapo hapo."

"Mlango sikuufunga mimi, Ota."

Akainuka kuutafuta mkoba. Nikadhani amekubali.

Jirani yetu Hedvika, mjane mwenye ulimi mkali, alituona tukipita kwenye uzio wake.

"Haya, waficha takataka!" akatuita. "Mkirudi nileteeni uyoga, msiniletee mafua." Kisha akatazama juu, mawingu yalikuwa yamekaa chini. "Mmechelewa kutoka. Mkisikia mtu anaita huko ndani, nyamazeni."

"Mama Hedvika, sisi si watoto," Otakar akasema.

"Ndiyo maana nawaambia. Watoto wanasikia."

Kwetu kila mtu anamjua hejkal. Ndiye anayeita kutoka katikati ya miti. Ukimwitikia, anakurukia mgongoni. Tunawaambia watoto ili wasipotee msituni. Hakuna mtu mzima anayeamini, lakini pia hakuna mtu mzima anayeitikia.

Tulifanya kazi yetu kimya kimya. Kimoja nyuma ya kanisa. Kimoja kwenye pango la mti wa mwaloni. Otakar alikuwa akiinama, anafunika kwa majani, anaondoka, bila kuniangalia. Mwanga ukawa wa kijivu. Tulipofika bwawani, kisanduku cha nane nilikiweka kwa mkono wangu chini ya daraja la mbao.

Bwawa lenyewe lilikuwa limefunguliwa maji ili wanakijiji wavue samaki, kama kila vuli. Lilibaki tope tupu, jeusi, linalonuka.

"Tumemaliza," nikasema.

Otakar alikuwa bado ametia mkono mkobani. Akautoa taratibu. Alikuwa ameshika kisanduku kingine, amekipaka rangi ya chungwa. Rangi aliyoipenda mwanetu.

"Wiki ijayo angetimiza tisa," akasema.

"Ota, tulikubaliana."

"Hiki kimoja tu. Mwaka ujao kimoja. Mwaka mwingine kimoja. Nitakunyima nini, Liba? Nitakunyima nini wewe, nikificha kisanduku?"

Alikuwa analia. Tangu mazishi sikuwa nimemwona akilia. Akaingia nacho kwenye miti iliyo ukingoni. Nilibaki njiani na tochi.

Nikasikia majani yakikanyagwa. Nikasikia akichimba kwa mikono.

Halafu sikusikia kitu. Hata ndege.

Harufu ikaja kwanza. Dawa ya kikohozi, ile tamu tamu ya matunda ambayo Apolenka alikunywa kabla ya kulala usiku wa mwisho nyumbani. Chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine… ya kitu kilicholala muda mrefu chini ya majani.

Kisha sauti.

"Baba… bado vingapi?"

Nikajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Tochi ikaanguka.

Ilitoka mbali, ng'ambo ya bwawa. Ilikuwa yake. Ilikuwa na ile kwikwi ndogo kwenye neno la mwisho.

Usijibu, Ota. Nilisema moyoni. Mungu wangu, usijibu.

"Bado kimoja, mwanangu," Otakar akajibu.

Alijibu kwa sauti ya kawaida, kama ilivyokuwa siku zote.

"Baba, bado vingapi?" Sasa ilikuwa katikati ya tope.

"Bado viwili."

"Bado vingapi?" Ilikuwa karibu naye kabisa, ikinong'ona.

"Vingi, mama. Bado vingi sana. Njoo."

Hapo nikaelewa anachofanya. Maadamu visanduku vimebaki, mtoto anaendelea kutembea na baba yake.

Matawi yakavunjika. Nikamsikia Otakar akiguna, kama mtu aliyetwishwa gunia. Nikaokota tochi na kummulika alipokuwa akitoka kwenye miti.

Alikuwa ameinama. Mikono ameipeleka nyuma, viganja vimeshikana chini ya kiuno, kama mtu anayembeba mtoto mgongoni.

Mgongoni hapakuwa na kitu.

"Nyamaza," akaninong'oneza, anatabasamu. "Amechoka. Anasinzia."

"Mshushe, Ota."

"Ana baridi. Mguse uone."

Sikumgusa. Nilikuwa natazama buti zake. Tulikuwa tumesimama kwenye tope moja la ukingoni, mimi na yeye. Mimi lilinifika kwenye soli. Yeye lilimmeza hadi juu ya kifundo, na alikuwa anazidi kuzama. Kola ya koti lake ilikuwa imevutwa nyuma, imembana koo.

"Ota, huwezi kupumua."

"Twende nyumbani. Kitanda chake hujakitandua, nimeona."

Kweli sikuwa nimekitandua. Nakiri kwamba wakati ule niliwaza: mwache aje. Awe nani, awe nini, mwache alale pale. Mguu wangu ulishageuka kuelekea nyumbani.

Kisha uso wa Otakar ukaanza kuwa wa bluu, naye bado anatabasamu.

Ile sauti ikasikika sikioni mwake. Lakini haikumuuliza yeye.

"Mama… bado vingapi?"

Otakar alinitazama. Macho yake yaliniomba. Sijawahi kuombwa hivyo na mtu.

"Hakuna tena," nikasema. "Vimekwisha, mwanangu. Tumevificha vyote."

Kilio kikatoka.

Otakar akaanguka kifudifudi kwenye tope. Kitu kikapita juu yangu, kizito, cha baridi, na miti yote ya ukingoni ikainama upande mmoja. Nilimvuta mume wangu kwa kola ile ile, nikamvuta hadi barabarani, sijui kwa nguvu za nani.

Asubuhi yake tulirudi na Hedvika kukitafuta kisanduku cha tisa. Tulikuta shimo lililochimbwa kwa vidole. Kisanduku hakikuwemo.

"Hejkal hana sauti yake mwenyewe," Hedvika alisema. Siku hiyo hakutania. "Anaazima."

"Anaazima kwa nani, Mama Hedvika?"

Alifunga vizuri mtandio wake. "Hilo sikufundishwa."

Tuliviweka visanduku vinane kwenye mtandao. Watu wanakuja, wengi wana watoto, na wanatuandikia kwamba njia ni nzuri. Otakar hatembei msituni tena. Mgongo wake haukunyooka. Daktari ameutazama mara mbili na hajaona tatizo.

Kwa majuma mengi hakunisemesha zaidi ya chumvi na mkate. Usiku alikaa kitini jikoni, macho wazi. Kisha jioni moja, theluji ya kwanza ikianguka, akaweka kikombe chake chini.

"Liba. Ulipomwambia vimekwisha… kililia vipi? Mimi masikio yalikuwa yameziba."

"Kama mnyama," nikamjibu. "Kililia kama mnyama, Ota. Hakikuwa yeye."

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. Akaninyooshea mkono juu ya meza, nami nikaushika. Usiku ule alilala kitandani, mara ya kwanza tangu tutoke bwawani, akakoroma hadi asubuhi.

Mimi sikulala. Nilikuwa nakisikia kile kilio, jinsi kilivyokuwa hasa.

Kilikuwa cha mtoto anayeachwa njiani, ambaye hajui amekosa nini.