Tingatinga Amekaa Mlangoni

Atupele alikuwa na miaka sita. Alikaa Tukuyu, kwenye nyumba iliyozungukwa na migomba.

Kwao kulikuwa na mbwa wa kulinda. Alikuwa mkubwa kama ndama. Jina lake Tingatinga.

Usiku Tingatinga alizunguka uani. Mchana alifungiwa bandani.

Baba akimwambia, "Kaa," Tingatinga alikaa.
Atupele akimwambia, "Kaa," Tingatinga alipiga mwayo. Mwayo mpana, wenye meno mengi.

Kwa hiyo Atupele hakumsogelea sana.

Siku moja asubuhi, Bibi alikuja kuwatembelea. Mama na Baba wakaenda kuchuma chai. Atupele akabaki na Bibi.

Mchana Bibi akaenda chooni. Choo kilikuwa nje, nyuma ya nyumba. Hakikuwa na paa. Mlango ukafungwa, kwiii.

Mara Atupele akasikia sauti nyingine. Kacha. Komeo la banda limeachia.

Tingatinga akatoka. Akanusa upepo. Akanusa nyayo za Bibi. Akazifuata polepole mpaka mlango wa choo.

Ngrrrr, akanguruma. Wala hakusogea.

"Atupele," Bibi akaita kutoka ndani. "Nani huyo?"

"Ni Tingatinga, Bibi. Amekaa mlangoni."

Bibi akashikilia mlango kwa ndani. "Ananijua?"

"Hakujui. Usifungue, Bibi."

"Sifungui, mjukuu wangu. Ila miguu inaniuma. Sitaweza kusimama sana."

Atupele alisimama mlango wa jikoni. Moyo wake ulipiga du, du, du.

"Tingatinga, nenda bandani," akasema.

Ngrrrr, akanguruma. Wala hakusogea.

Atupele akachukua ugali wa jana. Akautupa mbali, kwenye migomba. Tingatinga akaufuata. Akaumeza mara moja, gubu.

Bibi akafungua mlango kidogo, kwiii.

Tingatinga akageuka. Akaruka mara mbili, akafika. Bibi akafunga haraka, pa.

Ngrrrr, akanguruma. Wala hakusogea.

Kisha mvua ikaanza. Ti. Ti. Ti, ti, ti.

"Bibi, unalowa?"

"Kidogo tu," Bibi akasema. Lakini sauti yake ilitetemeka.

Atupele akatoka nje. Baba alishamkataza kukimbia mbele ya mbwa. Akatembea. Hatua moja. Hatua nyingine.

Tingatinga akasimama. Akaja. Atupele akafumba macho.

Alipofumbua, Tingatinga alikuwa mbele yake. Lakini alikuwa amempa mgongo. Meno yake yalielekea choo.

Atupele akasogea kushoto. Tingatinga akasogea kushoto. Atupele akasogea kulia. Tingatinga naye kulia.

"Ananilinda mimi," Atupele akanong'ona. "Anadhani Bibi ni mtu mbaya."

Akatazama choo. Akatazama banda. Akajua la kufanya.

Atupele akaanza kutembea kuelekea bandani. Hakugeuka nyuma. Mvua ikampiga usoni.

Mwanzoni hakusikia kitu. Kisha akasikia miguu kwenye tope. Chap, chap, chap.

Akainama. Akaingia bandani. Mlikuwa na giza, na harufu ya mbwa.

Tingatinga naye akaingia. Akalala pale mlangoni, akaziba njia yote. Sasa Atupele hakuweza kutoka.

"Bibi," akaita. "Toka sasa. Tembea polepole. Usikimbie."

Kwiii, mlango wa choo ukalia.

Tingatinga akainua kichwa. Ngrrrr.

Atupele hakuwahi kumgusa Tingatinga. Leo aliweka mkono shingoni mwake. Manyoya yalikuwa yamesimama.

"Ni Bibi yangu," akamwambia. "Ni wa kwetu."

Hakuuondoa mkono.

Nje, Bibi alitembea. Hatua moja. Akapumzika. Hatua nyingine. Akapumzika.

"Ni wa kwetu," Atupele akasema tena. "Ni wa kwetu."

Mlango wa jikoni ukafungwa.

"Nimefika, mjukuu wangu," Bibi akaita kutoka dirishani.

Tingatinga akashusha pumzi, fuuu. Akaweka kichwa chake miguuni kwa Atupele. Kilikuwa kizito sana. Kilikuwa na joto.

Mvua ikanyesha. Atupele akangoja. Bibi aliketi dirishani, amejifunika kanga, akamwimbia ili asiwe peke yake.

Baba aliporudi, aliwakuta bandani, mtoto na mbwa. Wote wawili wamelala.

Baba akamshika Tingatinga ukanda wa shingoni. Akamwita Bibi. "Mama, nyoosha mkono. Taratibu."

Bibi akanyoosha mkono. Tingatinga akaunusa. Akaunusa tena. Wote wakabana pumzi.

Kisha mkia wake ukatikisika. Mara moja. Mara mbili.

"Haya," Bibi akamwambia mbwa. "Shikamoo yako nimeipokea."

Atupele akacheka mpaka akakaa chini.

Jioni ile Baba akapigilia komeo jipya. Mama akampikia Bibi uji wa moto.

Atupele alipopanda kitandani, alinuka mbwa mwili mzima. Bibi akalala kando yake, akamkumbatia hivyo hivyo.