Nusu Mita ya Don Saturnino

"Wewe bwana! Fungua kamba yako hapo, hiyo si nguzo ya kufungia ng'ombe!"

Bandari ya Corrientes ilikuwa imefurika asubuhi hiyo ya Februari. Wauza mikate ya chipá wanapiga kelele, feri inapiga honi, wapagazi wanatukanana. Luteni Crispín Vallejos aligeuka, kamba ya mashua mkononi. Sare yake nyeupe ilikuwa imepigwa pasi hadi inasimama yenyewe. Mbele yake palikuwa na msichana wa gauni la njano lililokunjwa juu ya magoti, viatu vikubwa vya mpira miguuni, daftari kwapani.

"Samahani, senyorita. Ni nguzo ya nini?"

"Ya kupimia mto. Huoni namba? Ukiivuta kidogo tu, nchi nzima inadanganywa."

"Nisamehe. Mimi mtu wa Curuzú Cuatiá. Kwetu kuna ng'ombe na vumbi."

"Ndiyo maana wakakuweka jeshi la maji," alisema, na wapagazi wakaangua kicheko.

Huyo ndiye Herminda Ojeda. Baba yake, don Saturnino, alisoma nguzo ile miaka arobaini, hadi Rais akamtundika nishani. Macho yalipofifia akamwachia binti kazi. Kila saa moja asubuhi Herminda alipiga simu makao ya jeshi la mto, na kuanzia wiki ile simu ikawa inapokewa na luteni mwenyewe.

"Mita tatu na kumi, luteni."

"Nimeandika. Na moyo wako je, umepanda au umeshuka?"

"Huo haumo daftarini."

"Basi kesho nitauliza tena."

Aliuliza kila siku. Kufika Aprili, Herminda alikuwa akijibu "umepanda" kabla hajaulizwa, kisha anakata simu na kucheka peke yake kibandani. Jumamosi walicheza chamamé, akodioni ikilia, shavu kwa shavu.

Kazi ya Crispín ilikuwa kubwa kuliko umri wake. Tangu tujitenge na Buenos Aires, miaka tisini na zaidi, nchi yetu ya Corrientes imeishi katikati ya majirani wakubwa, na njia ya kutufikia ni mto. Alimchorea Herminda mpango wake juu ya meza ya jikoni, kwa kidole kilicholowa chai ya yerba.

"Septemba mto Paraná unakauka. Meli zao za vita zinakwama, sivyo? Mimi nataka manowari tatu ndogo, mzinga mmoja mbele, rashasha mbili nyuma, tumbo lizame mita moja na sitini tu. Zipite Mlango wa Kaa, pale mto unapokosa kina kuliko kote, wakati wao hawawezi."

"Na Mlango wa Kaa una maji kiasi gani mwezi huo?"

"Ndiyo maana nimekuja kuviomba vitabu vya vipimo vya mzee."

Don Saturnino alikuwa kwenye kiti chake cha ngozi. Herminda akavileta vitabu. Kwa vitabu vile, vilivyohesabu kina cha mlango kutokana na nguzo, mwaka mbaya kuliko yote mlango ulikuwa na mita mbili kamili.

Ila Herminda alijua jambo moja. Mafuriko ya mwaka 1905 yaliing'oa nguzo, na baba yake alipoisimamisha upya aliizamisha nusu mita zaidi. Aligundua baada ya mwaka mzima, akaona aibu, akanyamaza. Tangu hapo kila namba ilikuwa na nusu mita ya uongo ndani yake.

Crispín alipoondoka, Herminda alipiga magoti mbele ya kiti.

"Tata, tumwambie."

"Mwanangu, nitakufa hivi karibuni. Niache nife na jina langu."

"Na manowari?"

"Huenda mto ukatuhurumia."

Herminda alijaribu kumwambia Crispín kwa kuzungukazunguka. "Mpenzi, kwa nini usiipunguze ikazama mita moja na kumi?" Crispín akambusu kwenye paji. "Na mzinga niuweke wapi, malaika wangu? Kichwani kwako? Namba za baba yako zina nishani!" Herminda akacheka naye. Kicheko kile alikijutia maisha yake yote.

Manowari ya kwanza ilikuwa tayari Septemba ya mwaka uliofuata, miti ya lapacho imevaa maua ya waridi mji mzima. Siku ya majaribio Rais atakuwepo, mabalozi watakuwepo, na Jumapili yake ni harusi. Pete Herminda alikuwa nayo kidoleni. Mto ulikuwa umeshuka kuliko alivyowahi kuuona.

Saa moja asubuhi ya siku hiyo akapiga simu.

"Mlangoni leo kuna mita moja na nusu."

"Acha utani, malaika. Jana ulisema mbili. Mto haushuki nusu mita kwa siku moja."

"Haukushuka jana, Crispín. Nguzo ni ya uongo tangu mafuriko ya 1905. Baba aliizamisha mno."



"Wewe umejua tangu lini?"

"Tangu kabla yako."

Crispín alikata simu. Alikwenda mbio kwa kamanda, akaomba waahirishe. "Sababu?" kamanda akauliza. Crispín akamfikiria yule mzee na nishani yake, akafumba mdomo. "Basi panda chomboni, luteni, Rais anasubiri."

Manowari ilipita mbele ya bendi ikimeremeta, ikafika Mlango wa Kaa, ikasimama kama nyumbu aliyegoma. Ilikosa sentimita kumi. Abiria wa feri walipunga leso zao wakipiga miluzi ya dhihaka.

Mbele ya tume ya uchunguzi Crispín alisema maneno mawili: "Nilikosea hesabu." Manowari zilifanywa matishari ya kubebea machungwa, naye akapangiwa kituo cha mabwawani, Iberá, kusikokuwa na simu.

Herminda alimkuta stesheni, vitabu vyote kifuani.

"Nawapelekea tume! Kwa nini ulinisitiri?"

"Sikukusitiri wewe. Nilimsitiri mzee. Vitabu virudishe nyumbani, afe vizuri."

"Crispín, nilitaka kukuambia. Kila asubuhi nilitaka."

"Ungeniambia siku ile jikoni, ningechora upya. Ningekuoa siku hiyohiyo, na mikono yangu ina wino."

"Na sasa?"

Alimtazama. Gauni lilikuwa lile la njano.

"Nakupenda, Herminda. Lakini sasa kila ukiniambia yerba ina sukari, nitaionja kwanza. Hiyo si nyumba."

Akamvua pete taratibu kama mtu anayemtoa mtoto mwiba, akambusu kile kidole, akapanda treni.

Don Saturnino alizikwa Novemba na nishani yake kifuani. Kesho yake Herminda aliwaita mafundi, wakainua nguzo nusu mita, naye akaandika sababu daftarini kwa wino mwekundu, jina la baba na lake. Halafu, saa moja ya asubuhi iliyofuata, akapiga simu.

"Namba?" ilisema sauti ya luteni mpya.

"Mita moja na tisini."

"Ni sahihi?"

"Sasa ni sahihi."

Akasubiri swali jingine, lile la moyo. Alisubiri, mkono wa simu umebanwa sikioni, mto ukipita chini ya kibanda. Upande wa pili walikuwa wameshakata.