Mtoto Usiku Mmoja

Jumamosi hiyo Zulaikha, mdogo wangu wa tumbo moja, alikuja kuazima sanduku. Alipanda ngazi zetu za Old Kampala akihema, mtoto mgongoni, mfuko begani, na kabla hajanisalimia vizuri alikuwa ameshaanza habari za bahari. Walikuwa wanakwenda pwani, yeye, mumewe Nasif na mtoto wao Hamim wa miezi mitano. Siku tatu, hoteli ya ufukweni, kusini ya Mombasa. Kwa ndege kutoka Entebbe, siyo kwa basi. Habari ya ndege aliirudia mara mbili, nisije nikajidai sikusikia.

Mimi ni Hasifa. Nauza udi na manukato katika duka la chini, na huku juu naishi na mama yetu, Halimah. Watu husema nina ulimi mkali, na sijawahi kuwabishia.

"Mtoto wa miezi mitano anafuata nini pwani?" nikamuuliza. "Anaenda kuogelea?"

"Wewe dada, acha. Anaenda na mama yake. Mama yake amechoka, banange."

Amechoka kweli, macho yalikuwa yamemuingia ndani. Tangu azae hakuwahi kulala usiku mzima, na Nasif alikuwa mtu wa malori na simu, hajui hata kumfunga mtoto nepi. Nikalishusha sanduku kutoka juu ya kabati, tukaanza kupanga. Kofia ya jua. Neti. Mafuta ya mgando. Tukabishana kama maji ya chumvi yatamwasha mtoto, na kama watalazimika kuchemsha maji ya kunywa wenyewe. Tukaitazama pasipoti ya Hamim tukacheka mpaka machozi, maana kwenye picha alikuwa ametoa macho kama mtu aliyekamatwa na polisi. Mama alikuwa kwenye mkeka wake anasuka kikapu, naye akacheka.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimenikaa kooni. Malori ya Nasif huenda Mombasa kila wiki, lakini yeye mwenyewe alikuwa hakanyagi huko. Zamani, kabla hajamuoa Zulaikha, alikuwa dereva, na siku moja ya mvua lori lake lilitumbukia kwenye mkono wa bahari. Mwenzake, Ojera, alikufa. Nasif alitoka bila mchubuko. Watu walimpa pole na hongera pamoja, na mimi nilizoea kumtania kwamba bahari ilimmeza ikaona hana ladha. Yeye alikuwa hacheki.

"Ameshinda woga wake," Zulaikha akasema, akikunja kinguo cha mtoto. "Tena kwa ajili yangu. Mwanamume gani anafanya hivyo?"

Nikachukua kinguo kingine nikakunja. Ungeuona uso wake siku ile, na wewe ungekunja tu.

Baada ya adhuhuri alimwogesha Hamim kwenye beseni, sebuleni, karibu na mlango ambako kuna mwanga. Mlango ulikuwa wazi ili hewa ipite, pazia limeshushwa. Hapa niseme jambo, kwa sababu bila hilo haya mengine hayaeleweki. Kwetu sisi Wanubi, katika nyumba zinazoshika heshima, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni, wala hawagusani. Nasif akija, husimama nje ya pazia, akamsalimia Mama kutoka huko, naye Mama humjibu kutoka ndani, kisha huondoka kwenda chumbani ndipo Nasif aingie. Tangu harusi, Mama alikuwa anaijua sauti ya mkwewe tu.

Simu ya Zulaikha ikalia. Mikono yake ilikuwa na sabuni, nikaibonyeza mimi na kuiweka sakafuni, sauti juu.

"Hujambo bibie," akasema msichana, Kiswahili chake laini cha pwani. "Napiga kutoka hotelini. Nathibitisha tu chumba chenu. Watu wazima wawili, siku tatu. Mtoto, usiku mmoja. Kitanda chake tutakitoa asubuhi yake, kama mzee alivyoagiza."

Zulaikha akacheka. "Hapana nyabo, mmekosea. Mtoto pia siku tatu."

"Nilimuuliza tena, bibie. Alisema mtoto atachukuliwa na wenyewe."

"Wenyewe gani?"

Msichana akapunguza sauti.

"Basi labda ni yule mama. Kuna mama anakaa mchangani, mbele ya chumba mtakachofikia. Kila asubuhi anauliza kama Hamim amefika. Sisi tukadhani ni shangazi yake, maana ana nywele za mtoto za kuzaliwa, amezifunga kwenye kitambaa cha manjano. Alituonyesha. Ila bibie, maji yakijaa, yule mama hahami. Yakipwa tunamkuta pale pale, amekaa."

Nikaikata simu. Mkono wangu ulikuwa umeshaikata kabla sijajua nafanya nini. Zulaikha hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anamwangalia Mama.

"Mama," akasema. "Nywele za akika ulizika wapi?"

Kwetu mtoto hunyolewa siku ya saba, na nywele zile hupewa bibi mzaa mama. Bibi huzizika mlangoni kwake. Tunaamini mtoto popote atakapokwenda, atarudi pale nywele zake zilipolala. Mama alizipokea nywele za Hamim mbele yetu sote, akazifunga kwenye kipande cha mtandio wake wa manjano. Hatukuuliza tena. Nani anamuuliza mama yake jambo kama hilo?

Mama akaweka chini kikapu.

"Nasif alikuja," akasema. "Mlikuwa hospitali kwa sindano za mtoto. Alikuwa na mgeni. Walisimama hapo nje. Akasema, Mama, shangazi yangu anataka nywele za mtoto azisomee dua, kesho nitarudisha. Ningemkatalia mkwe? Nikapitisha mkono pembeni ya pazia. Zikachukuliwa."

"Alizichukua nani? Nasif?"

"Sikuangalia, mwanangu. Ningeangaliaje?" Sauti yake ikakatika. "Mkono ulikuwa baridi. Nikasema labda amenawa."

Zulaikha alimtoa mtoto majini akamfunga taulo. Nikataka ampigie Nasif, akakataa. Angekuja kuwachukua alasiri, kama walivyoahidiana, na kumbe Zulaikha alitaka kumsikia akiwa amesimama mbele yake. Mpaka dakika ile alikuwa anaomba Mungu iwe ni makosa ya hoteli. Nilimuona akiomba.

Viatu vikapanda ngazi. Vikasimama.

"Asalam aleikum, Mama."

Mama aliitikia, akaingia chumbani, kama siku zote. Nasif akaingia, shati limepigwa pasi, ananukia manukato niliyomuuzia mwenyewe. Akaliona sanduku wazi, akatabasamu.

"Kale, haya, mko tayari?"

"Hoteli imepiga," Zulaikha akasema. "Wanasema mtoto usiku mmoja."

Tabasamu lilibaki mdomoni. Machoni liliondoka. Angeweza kudanganya, na mimi nilikuwa namjua kwa uongo wa kila aina. Lakini aliketi kwenye mkono wa kochi, akaangalia mikono yake.

"Nilikuwa chini ya maji," akanong'ona. "Ojera alikuwa ameshaacha kupiga kioo. Akaja mwanamke. Akaniuliza nitampa nini. Nikasema, wa kwanza nitakayempata. Zuli, sikuwa na mke, sikuwa na mtu. Lilikuwa neno tu."

"Na sasa?"

"Sasa anakuja. Niko bafuni, yuko. Niko kwenye lori, yuko. Ni mtoto au mimi."

Zulaikha alimkaza mtoto kifuani. Nilingoja apige kelele. Nilitaka apige kelele, majirani waje, watu wajae. Badala yake aliuliza polepole, kama mtu anayetaka kuelewa bei ya kitu.

"Mtoto usiku mmoja. Sisi siku tatu. Hizo mbili zingine, Nasif, tungekuwa tunafanya nini?"

Hakuinua uso.

"Nilitaka upumzike," akasema.

Wallahi nimesikia mambo mengi katika maisha yangu, matusi ya soko na ya ndugu. Sijasikia neno lililonichoma kama hilo. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu ya kilio cha mdogo wangu wa damu moja na kukitafutia chumba chenye upepo wa bahari.

Ndipo nikayaona maji.

Beseni lilikuwa pale pale karibu na mlango. Hakuna aliyeligusa. Maji yalikuwa yanashuka. Yalishuka polepole mpaka sakafu ya beseni ikaonekana, na sabuni ya mtoto imelala juu yake. Yakakaa hivyo. Kisha yakaanza kurudi. Yakapanda. Yakafika ukingoni.

Maji yalikuwa yanapwa na kujaa. Ndani ya beseni. Old Kampala.

"Hodi."

Sauti ya mwanamke. Ya upole. Nje ya pazia.

Hatukujibu. Kila Muislamu anajua adabu yake: mgeni hupiga hodi mara tatu, asipokaribishwa, anaondoka. Nilimtazama Zulaikha, naye alikuwa anawaza hilo hilo. Nikaweka kidole mdomoni.

"Hodi."

Pindo la pazia lilikuwa limeloa. Hamim akageuza kichwa. Akacheka. Akanyoosha mikono yote miwili kuelekea mlangoni, kama anavyomnyooshea mtu anayemjua.

Zulaikha alikuwa analia bila sauti. Kimya. Kimya, mdogo wangu. Bado moja tu.

"Hodi."

Imeisha, nikasema moyoni. Sasa ataondoka.

"Karibu," akasema Nasif.

Alilisema akimtazama mke wake. Zulaikha alitoa mlio mdogo tu, kama mtu aliyekanyagwa. Pazia likaanza kuingia ndani, likiwa na umbo la bega.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Mama alitoka kichwa wazi. Mama yangu, ambaye hata mimi sikuwahi kumuona mbele ya wanaume bila mtandio. Alikwenda moja kwa moja kwa Nasif, akamtazama usoni, na akamshika kifundo cha mkono. Nasif aliruka kwa aibu kabla ya kuruka kwa hofu. Hakutegemea. Hakuna mkwe angetegemea.

"Ahadi ni yako," Mama akamwambia. "Uliyemkaribisha, nenda naye."

Alimsukuma. Mwanamke wa miaka sabini, na mwanamume yule mzima alienda kama mtoto anayepelekwa shule. Alipita kwenye pazia. Mkono wa Mama uliomshika ulipita naye mpaka kwenye kiwiko. Ukakaa huko kidogo. Kisha Mama akauvuta ndani.

Hatukusikia mtu kuanguka. Hatukusikia viatu. Hatukusikia hata "Zuli".

Nilifungua pazia mwenyewe. Ngazi zilikuwa tupu, kavu. Chini kabisa Acayo, jirani yetu, alikuwa anakaanga sambusa zake mlangoni.

"Nasif imepita hapo?" nikamuuliza kwa Kiswahili chake cha mtaani.

"Imepita wapi? Iko huko juu kwenu," akajibu, bila kuacha kugeuza. "Mimi niko hapa tangu yeye napanda. Hapana mtu nashuka."

Polisi walikuja, ndugu zake wakaja, wakatuita wachawi mtaa mzima ukasikia. Gari lake lilikaa mbele ya duka mpaka kaka yake akalichukua. Zulaikha alihamia kwetu na Hamim. Kwa muda mrefu alikuwa akilia akifikiri nimelala, na nilipomwambia kwamba mume kama yule haliliwi, alinijibu: "Sililii kupotea kwake, dada. Nalia kwa sababu alichagua hoteli nzuri. Alikaa akazitazama picha, akachagua."

Hamim amekua. Anatambaa, ana meno mawili, mnene, mchangamfu, na kila aliyeyasikia haya hutuambia tumshukuru Mungu. Tunamshukuru. Lakini Mama hambebi tena. Anasema mkono wa kulia haujambo, unakufa ganzi tu, ni uzee. Hospitali ya Mulago walimpima wakasema ni mzima. Anauficha chini ya mtandio, na akiona mtoto anamjia huondoka, kisha namkuta chumbani amekaa peke yake, mwanamke aliyemuokoa mjukuu wake na hawezi kumpakata.

Jana alipitiwa na usingizi kwenye mkeka, mkono umetoka nje ya nguo. Niliingia nikamkuta Hamim ametambaa mpaka kwake. Alikuwa amekishika kidole kimoja kwa mikono miwili, amekitia mdomoni, ananyonya kama anavyonyonya ziwa, macho amefumba. Nilipomtoa alinipigia kelele za hasira ambazo sijawahi kuzisikia kwake. Zulaikha alikuja mbio, akamchukua, akamfuta midomo kwa khanga yake.

Tukaitazama ile khanga. Kampala udongo wetu ni mwekundu, ukiingia nguoni hautoki. Uliokuwa pale ulikuwa mchanga mweupe, laini, bado una maji.